Sufu Chini ya Boneti

Maneno aliyoyasikia Dulmaa kwa muuza maziwa yaligoma kumtoka kichwani. Eti familia moja upande wa magharibi imekutwa ndani ya gari, baba, mama na mtoto, injini bado inanguruma, wote wamekufa, wamekaa kama waliosinzia. Majina yao hakuna aliyeyajua. Huenda ulikuwa uzushi. Lakini kesho yake naye alikuwa barabarani, mumewe Gombosuren kwenye usukani, binti yao Enerel wa miaka mitano kiti cha nyuma, wakienda kwa mama mkwe kula Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya. Nje ilikuwa nyuzi arobaini chini ya sifuri.

Saa tano asubuhi hita ikaanza kupuliza hewa ya baridi.

"Baba Enerel, miguu siisikii."

"Hita imechoka kidogo. Hata wewe huwa unachoka."

Gombosuren alisimamisha gari, akafungua boneti, akaifunika injini kwa sufu nene ya tandiko la farasi, kama wafanyavyo madereva wote wa huku. Nyufa za milango alikwisha kuziziba kwa matambara tangu nyumbani. Aliporudi akafungulia feni mpaka mwisho.

"Maji ya rejeta umeyaangalia?"

"Mama Enerel, gari hili nalijua kuliko mama yangu anavyonijua mimi."

Wakaenda. Kwenye matundu ya dashibodi sasa kulitoka hewa ya uvuguvugu, na ndani yake harufu kama ya kichwa cha kondoo kinachobabuliwa.

"Kuna kitu kinaungua."

"Sufu inapata joto, hiyo. Ulitaka joto, sasa unalinusa."

"Mama, kichwa kinauma," alisema Enerel. Baada ya hapo hakusema tena.

Dulmaa aligeuka. Mtoto alikuwa ameegemea dirisha, mdomo wazi, bonge la jibini kavu limemponyoka mkononi. Akamwita. Akamtikisa goti. Kichwa kikaangukia upande wa pili.

"Simamisha gari."

"Kwa upepo huu? Tukivuka kile kilima..."

Alijaribu kushusha kioo. Kilikuwa kimeshikwa na barafu. Akavuta tambara, akafungua mlango gari likiwa linatembea. Gombosuren akakanyaga breki, gari likaserereka, likakaa upande.

Dulmaa alimtoa mtoto, akamkumbatia ndani ya joho lake, uso tu ukiwa nje kwenye upepo. Alihesabu pumzi zake. Kati ya pumzi ya sita na ya saba palikuwa parefu mno. Kisha Enerel akakohoa, akamtapikia chai ya maziwa kifuani, akaanza kulia. Dulmaa hakuwahi kupenda kilio kama kile.

Gombosuren alifungua boneti. Sufu ilikuwa imeteleza, pembe yake imelalia bomba la moshi, inafuka polepole bila moto, na feni ilikuwa ikiuvuta moshi wote ndani. Akaitupa kwenye theluji. Akashika mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita: mmoja wa moto, mwingine baridi kama jiwe; maji hayakuwa yakizunguka. Injini ilipopoa akafungua kifuniko cha rejeta. Maji hayakuonekana.

"Uliuliza," alisema, bila kumtazama.

"Niliuliza."

Alilipandisha gari kwenye mwinuko, pua ikatazama juu, akajaza kulanti ya akiba, maji ya rejeta yasiyoganda, akawasha injini, akangoja mapovu ya hewa yaishe. Hita ikapuliza joto lisilo na harufu. Hata hivyo, barafu ya kioo ilipoyeyuka, Dulmaa alisafiri na dirisha la mbele limeachwa wazi upana wa kidole, na kila mara alimuuliza Enerel jina la bibi yake, mpaka mtoto akachoka kumjibu.

Wewe uliye na mtoto garini:

Hita ikipoa, usifunike injini kabla ya kuangalia maji.
Usifungue rejeta ya moto.
Usiweke sufu wala kitambaa karibu na bomba la moshi.
Usizibe nyufa zote.
Usiseme ni harufu tu. Na usingoje harufu, maana moshi unaoua mara nyingi hauna.
Mtoto akisema kichwa kinauma, usivuke kilima kwanza.