Kivuli cha Ghorofa Nane

Tangazo la halmashauri lilipobandikwa kwenye uzio wa kiwanja cha jirani, katika mji mdogo kusini mwa Sydney, Slavka Ristevska alikuwa nyuma ya nyumba akianika mashuka. Kampuni moja iliomba kibali cha kujenga ghorofa nane. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi.

Kabla mashuka hayajakauka, kivuli cha jengo kikafika. Kilifunika ua mzima, na roshani zake zote zilionekana. Kiwanjani kulikuwa na nyasi tu na toroli la dukani lililotelekezwa. Slavka aliingia ndani kumchukulia mumewe blanketi.

Tode alikuwa na kifua kibovu. Kila majira ya baridi aliota jua pale uani, kando ya pilipili hoho za mkewe, hadi kikohozi kitulie.

"Jua limekwenda wapi, mama Vesna?"

"Wameomba kibali."

"Aa," Tode akasema, akajifunika.

Jirani yao Doreen alichungulia juu ya uzio. "Shoga, kwangu kimefika bandani. Kuku wameshalala, na chai ya asubuhi sijanywa."

Slavka aliandika pingamizi. Halmashauri ikamtuma Callum, afisa wa mipango miji, kijana mpole mwenye futi ya kuvuta. Alipima kivuli kutoka uzio hadi mlango wa jikoni, akaandika.

"Mama, kivuli chenu kiko ndani ya kanuni."

"Jengo lenyewe halipo, mwanangu."

"Ndiyo maana siwezi kulilaumu. Mimi napima kilichopo."

"Na mzee wangu je? Usiku kucha anakohoa. Naogopa hata kusinzia."

Callum alimtazama Tode, akakunja futi yake taratibu. "Pole sana, mama. Kikohozi hakimo kwenye kanuni."

Kwenye kikao cha halmashauri, ripoti ilisomwa: ua wa familia ya Tode Ristevski una kivuli tayari, hivyo jengo halitaongeza madhara yoyote. Slavka alisimama akaeleza habari za kifua cha mumewe. Mwenyekiti alimshukuru kwa kufika. Kibali kikatolewa.

Kampuni haikujenga. Iliuza kiwanja pamoja na kibali chake, kwa bei nzuri, na mnunuzi mpya anasubiri bei ipande. Nyasi zimefika kiunoni. Tode sasa huota jua ng'ambo ya barabara, kwenye kiti cha kukunja, na Slavka huchungulia dirishani kila anapoacha kumsikia akikohoa.

Asubuhi moja alikuta kivulini, ghorofa ya sita, mwanamke akianika nguo za mtoto. Vivuli vya nguo vilitandaa kwenye njia ya kwenda kwenye kamba yake. Slavka alipandisha beseni kiunoni, akapita pembeni asivikanyage.