Theluthi Moja ya Maji

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, Rispa Awuor alichota theluthi moja ya maji ya tangi lake la kioo, akazimwagia sukumawiki nyuma ya nyumba, kisha akajazia maji yaliyokaa siku mbili kwenye beseni wazi ili dawa ya mfereji iishe nguvu. Theluthi moja, basi. Samaki malaika wana madaha yao. Ukiwabadilishia maji yote kwa mkupuo wanalala ubavu kama walevi wa mwisho wa mwezi.

Walikuwa wanne, bapa kama chapati za kibanda, wenye mapezi marefu yanayoburuta kama kanzu. Mama yake aliwanunua mwaka alioacha kutembea, apate cha kutazama zaidi ya dari. Mama alikufa miaka mitatu iliyopita, lakini sauti yake ilibaki majini. Samaki walipokula jioni viputo vilipanda, na kila kilichopasuka kilitoa neno lake. "Rispa, funga dirisha." "Chai hii ni ya mgonjwa au ya mfungwa?" Na lile ambalo ploti nzima ililijua: "Nyumba hii ni ya Rispa. Obonyo ana miguu, atafute yake."

Majirani walizoea. Jirani aitwaye Mgeni, wa mlango wa pili, alikuja kuazima chumvi, akajibu, "Tumesikia, mama," akaenda zake.

Obonyo alikuwa mdogo wake, kitinda mimba. Rispa ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kazi ya tangi: theluthi moja, maji ya siku mbili, moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande vidogo bila mafuta. Alishika upesi. Mwezi ule aliiomba kamati ya mtaa jina lake liandikwe kwenye kadi ya umiliki wa nyumba ya marehemu, na kamati ikasema itakuja Jumamosi alasiri kuyasikiliza maji.

Asubuhi hiyo Rispa alikwenda Soko la Burma kununua moyo. Alitaka samaki washibe, viputo viwe vikubwa.

"Moyo mzima, mathe? Una paka wangapi?" mchinjaji akauliza.

"Ni wa malaika."

Akamwongezea kipande.

Aliporudi, tangi liling'aa kama dirisha la benki. Obonyo alikuwa amekunja suruali, anapangusa sakafu.

"Sista, nimekuoshea tangi. Wageni wanakuja, kioo kilikuwa kijani, nikaona aibu."

"Umemwaga kiasi gani?"

"Si ile theluthi yako?"

Nyuma ya nyumba, sukumawiki zilikuwa zimezama hadi shingoni. Ardhi ilikuwa inamaliza kunywa, na chini ya majani sauti ilisema polepole, "Rispa, funga..." Rispa alipiga magoti na sufuria. Alipata matope. Matope hayakusema kitu.

Ndani, samaki wawili walikuwa wamelala ubavu. Mmoja hakuinuka tena.

Alasiri, mzee Idarusi, mwenyekiti wa kamati, aliketi kwenye kochi na katibu wake. Rispa alitia chakula. Kiputo cha kwanza kikapasuka, na ilikuwa sauti ya Obonyo, safi kama redio mpya, akiongea na mtu kwa simu asubuhi ile.

"Namwaga yote, mpaka tone la mwisho. Hapana, ameenda Burma."

Cha pili: "Leo sauti ya mathe itanyamaza."

Obonyo alisikiliza, kichwa upande. "Hapo nilisema 'leo hii,'" akasahihisha. Katibu akakata, akaandika upya.

"Mzee, si umesikia mwenyewe?" Rispa akauliza.

"Nimesikia, binti yangu, na kijana hajakana, hilo ni jambo zuri. Lakini tulikuja kumsikiliza marehemu, na marehemu hayumo."

"Mimi nimemjibu miaka mitatu!" Mgeni akasema kutoka mlangoni.

"Majibu yako yataandikwa, mama. Maneno ya marehemu ndiyo hatuna."

Wakanywa chai. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Kadi ikaandikwa jina la Obonyo. Siku ya kuhama alimsaidia dada yake kubeba tangi hadi kwenye pikapu. "Shika chini, sista," alisema kwa upole, "kioo kisipasuke."

Sasa Rispa ana chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Lucky Summer. Mgeni alipiga simu wiki iliyopita kumwambia kwamba Obonyo ameng'oa sukumawiki na kumwaga saruji.

Samaki wamebaki watatu, na wana afya. Kila jioni wanakula, kiputo kinapanda, na sauti inasema, "Sista, nimekuoshea tangi." Rispa angeweza kumwaga maji yote na kuanza upya. Malaika hawangestahimili. Jumamosi saa nne huchota theluthi moja, hujazia maji ya siku mbili, na jioni sauti huwa ipo.

"Ni nani huyo mwenye adabu hivyo?" jirani mpya aliuliza juzi.

"Ndugu yangu," Rispa akasema, akaendelea kukata moyo vipande vidogo.