Foleni ya Linux

Mwaka ule wa vita ya Nyunzu kompyuta ya Olga iligoma kuwaka, na Olga alilia kama mtoto. Virusi vililetwa na majirani waliokuja kuchapa barua zao, kila mmoja na kle yake mkononi, kile kidude cha USB cha kubebea mafaili. Kompyuta yenyewe si hoja. Kilichomuumiza ni video iliyokuwa ndani: mama yake, Mama Philomène, akicheza harusini huku kilemba kikimdondoka. Mama alikwenda Nyunzu kumwona dada yake, risasi zikaanza, treni ikasimama, na tangu hapo kimya. Olga hakuwa na picha yake nyingine.

Basi Abdoul-Karim, jirani anayefuata bidhaa Kigoma, akashuka kwenye boti na kle mfukoni. Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta.

"Bei gani?" Olga akauliza.

"Bure! Kila muntu anabeba, anagawia mwenzake!"

Sauti ya Abdoul-Karim, Mungu amsamehe, husikika mpaka bandarini. Na mwaka ule, ukisema bure hapa kwetu Kalemie, watu walielewa kitu kimoja tu: lori la misaada limefika. Kle imechomekwa, kompyuta haijamaliza kuwaka, ua umejaa wanawake wenye beseni, wenyeji na wakimbizi pamoja, na Papa Floribert, mzee wa jirani, anawapanga mstari bila kuombwa na mtu.

"Maharagi iko wapi?" wakauliza.

Olga hakusikia. Skrini ilikuwa ikimuuliza: ajaribu kwanza, au aweke Linux moja kwa moja na kufuta vyote vya zamani? Akabonyeza kujaribu. Rangi ya zambarau ikatanda, safi, bila kirusi hata kimoja, naye akapiga kigelegele. Foleni nayo ikaitikia, ingawa haikujua inashangilia nini.

Akapekua mafaili ya zamani. Video ilikuwepo!

"Iko! Mama iko!" Akamkumbatia Abdoul-Karim, akamkumbatia na Papa Floribert. "Leo ninahama! Nikisha kuinakili kwa kle, ile mufumo ya zamani iende zake!"

Akageuza skrini ili watu wasirudi mikono mitupu. Mama Philomène akacheza, kilemba kikadondoka, na beseni zote zikawa ngoma. Furaha gani ile!

Mwanamke mmoja tu hakupiga beseni yake. Huyo ni Mama Mado, aliyefika juzi kwa miguu kutoka Nyunzu.

"Huyu mama tulitembea naye," akasema. "Tumemuacha Nyemba, kule njiani, kwa masista, muguu imevimba. Ako muzima, anachekesha watu tu."

Olga akakaa chini mchangani. Machozi na kicheko vilimtoka pamoja.

"Wewe njo Olga, mutoto yake?" Mama Mado akamwinamia. "Alitutuma: 'Mukimukuta mutoto wangu, mumutoe ku kompyuta yake, akuje kunichukua.'"