Risasi ya Kumsubiri Mzee Kapilima

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko ndani ya duka la risasi, na risasi zote zimekaa kwenye mabenchi kama watu wanaosubiri daktari. Mwenye duka hayupo. Ukutani kuna tangazo: RISASI ICHAGULIWE KWA KUZINGATIA MNYAMA NA MCHINJAJI.

Hilo la mnyama nalijua, nimewinda miaka kumi na tisa katika mapori ya Sikonge. Hilo la mchinjaji ndilo linalonitoa jasho. Mchinjaji wetu ni Mzee Kapilima. Mnyama akianguka, yeye ndiye anayetakiwa kufika na kisu kabla roho haijatoka, la sivyo ni kibudu na wakwe zangu hawagusi. Na Mzee Kapilima goti lake la kushoto ni bovu.

Mwaka jana, kwenye harusi ya binti yangu Nyamizi, nilimpiga kongoni kwa risasi kubwa, akafa palepale. Nikanyamaza, nyama ikapikwa. Bi Tausi, mama mkwe wa Nyamizi, akamuuliza Mzee mbele ya watu, "Ulimkuta mzima?" Mzee, ambaye hajui kudanganya hata kidogo, akajibu kwamba alikuta macho yameshatulia. Watu wote wa ukweni wakala wali mkavu, wakaondoka. Tangu siku hiyo hawajakanyaga kwangu. Nyamizi amejifungua mjukuu wangu wa kwanza, ana miezi mitano sasa, na mimi namjua kwa picha za simu tu. Inaniuma. Jumapili hii wamekubali kumleta, na wamesema watakula.

Kwa hiyo hata ndotoni sikuwa na muda wa mchezo.

"Nataka risasi ya nyamera," nasema. "Imwangushe, lakini imwachie uhai mpaka mzee afike."

"Dakika ngapi?" anauliza Mia Tatu Sabini na Tano. Risasi huitwa kwa ukubwa wake, na huyu amejaza benchi peke yake.

"Sita hivi."

"Mimi sibakizi dakika. Mimi ni wa nyati. Swala na jamaa zake nawapitia tu nikiwa na nafasi."

"Basi kaa kimya."

"Mimi nabakiza!" anadakia Ishirini na Mbili, kembamba, miguu haifiki sakafuni. "Nabakiza hata siku mbili!"

"Siku mbili za nani?"

Nageuka. Nyamera ameingia, mkubwa, wa kahawia iliyoiva, anajipangusa kwato mlangoni. Nakala ya leseni yangu ameishika kwa meno. Anaiweka juu ya meza na kuisoma: "Nyamera mmoja. Ndiye mimi. Nasubiri tangu Jumanne. Nimeuliza, siku mbili za nani?"

Ishirini na Mbili anatazama chini. Na mimi natazama chini, maana zamani nimewahi kubeba risasi ndogo kama ile na kumwacha mnyama akienda nayo. Naona aibu kweli.

Namgeukia Thelathini Sifuri Sita, ambaye watu wote humsifu. "Wewe je? Nyamera, hatua mia moja, begani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea unauliza kama mwindaji au kama mkwe."

Nainua mkono nimtupe nje, lakini nje hakuna. Duka limekuwa jiko la Bi Tausi. Risasi zimejipanga kwenye ukingo wa sufuria. Bi Tausi anachambua mchele, hainui uso.

"Huu mchele niupikie na nini, mkwe?"

"Subiri kidogo, mkwe wangu."

"Hata mwaka jana uliniambia nisubiri."

Nyamera, aliyekaa kwenye mkeka, ananitazama. "Kwani usingechinja mbuzi?"

"Nilishaahidi nyamera."

"Uliahidi bila kuniuliza."

Sasa nifanye nini? Mnyama mwenyewe ananisomesha, risasi zinajibu kama wanasheria, na mchele unazidi kuwa safi. Hapo ndipo sauti ya kukwaruza inatoka chini ya meza.

"Naomba kuchangia."

Ni goti la kushoto la Mzee Kapilima. Limekaa kwenye kigoda, lenyewe, bila mzee, limefungwa kipande cha kanga.

"Hizo dakika sita amezipima nani?" linauliza. "Kutoka unakotuacha hadi alipo mnyama ni dakika kumi na mbili. Kukiwa na kichuguu, kumi na tatu."

"Unawaacha wapi?" nyamera ananiuliza.

"Barabarani, kwenye gari," nasema. "Mzee anakohoa. Anawafukuza wanyama."

"Kikohozi chake tumekizoea. Tunayemkimbia ni wewe."

Risasi zinacheka mpaka sufuria inalia. Nawaambia wanyamaze, hakuna anayenisikia.

"Risasi haina kosa," nyamera anasema. "Mpe mzee goti lako."

"Goti langu nalitumia!"

"Kwa kazi gani? Wewe unapiga ukiwa umekaa."

"Mpe, mkwe," anasema Bi Tausi. "Maji yameshachemka."

Nimechoka kubishana. Nazungusha goti langu la kushoto, linafunguka kama kifuniko cha chupa ya chai. Naliweka kwenye kigoda. Goti la mzee linaruka na kujipachika mguuni kwangu, na hapohapo linaanza kulalamikia baridi.

"Na risasi je?" nauliza.

"Yoyote itakayoniangusha mara moja bila kunitesa," anasema nyamera. "Mzee atakuwa ameshafika."

Thelathini Sifuri Sita anajiviringisha mwenyewe hadi mfukoni mwangu. Namwambia, "Na huko porini sitaki kusikia inategemea."

"Hiyo ina..." anaanza. Nabana mfuko kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikashusha mguu wa kulia, ukashuka. Wa kushoto ukakataa. Mke wangu akaniuliza mbona nashika ukuta, nikamwambia nimelalia mguu vibaya.

Nikasikia chuma kinasuguliwa kwenye jiwe huko nje. Nikajikokota hadi mlangoni. Mzee Kapilima, ambaye kila safari hunibidi nimfuate kwake, alikuwa uani kwangu ananoa kisu. Alikuwa amechuchumaa. Mtu ambaye tangu nimfahamu anaswali kwenye kiti, alikuwa amechuchumaa chini kabisa, visigino vimegusa ardhi, wala hana habari.

Aliponiona akainuka mara moja, bila kushika kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona unajikongoja, baba? Mtoto anakuja kesho." Akafuta kisu kwenye kanzu, akatangulia njiani. "Fanya haraka. Leo mimi simsubiri mtu."