Kofia ya Kuanikia

Daktari aliugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, huku na huku, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Antibayotiki ya kumeza umewahi kutumia?"

"Mwaka jana. Niliacha njiani."

"Ilikusumbua?"

"Nilifiwa na mama."

Akauachia uso wangu. "Pole sana, dada. Basi dawa haijashindwa. Tuijaribu tena, na krimu ya kupaka juu yake. Umeze na maji mengi, usilale papo hapo. Na ujikinge na jua, itakufanya uungue upesi."

Jua. Mimi ni dobi. Mwaka jana aliyekuwa akianika ni mama. Nilifua kivulini, yeye akabeba beseni hadi kwenye kamba, kavaa kofia yake pana ya kusuka, huku akinitania: "Jitu zima na chunusi za msichana wa shule! Kaa hapo hapo. Nikuozeshe kwanza, halafu uungue utakavyo."

Tangu tumzike, kofia iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani yake bado mna harufu ya mafuta yake ya nywele. Nyumba ikiwa kimya mno, mimi huishusha, nikaingiza pua, nikairudisha. Kuivaa sikutaka. Ingeshika jasho langu.

Siku ya kwanza ya dawa nilijifunika taulo. Kila nilipoinua mikono kubana nguo kambani, liliteleza. Jioni mashavu yaliwaka kama yamepigwa pasi.

"Shoga, umechemshwa?" jirani yangu, fundi cherehani, alicheka. "Na kofia ile pale mlangoni?"

"Ni ya mama."

Akaacha kucheka. "Najua ni ya nani. Angeuona huo uso, leo ungetukanwa mpaka ukome."

Asubuhi nilimeza kidonge kwa bilauri nzima ya maji, nikakaa wima ukingoni mwa kitanda cha mama, mahali alipozoea kukaa kunipigia soga nisijilaze. Kisha nikaishusha kofia. Niliinusa mpaka nikaona aibu, ingawa hakukuwa na mtu. Nikaivaa, nikabeba beseni.

Sasa chunusi za kidevuni zimeanza kunywea. Fundi ndiye aliyeziona kwanza. Mimi sina mazoea na kioo. Jana nilivua kofia nikainusa: sabuni, na mimi.

Naandika nisije nikasahau. Mafuta ya mama yalinukia nazi, na kwa mbali moshi wa jikoni.