Ulimi wa Mama Sabuni

Mama Sabuni aliuramba mche wa sabuni, akatema pembeni, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Imeiva," alisema.

Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, akichovya kikaratasi chembamba cha kupimia ukali ndani ya povu. Kikaratasi kikageuka zambarau, kikakoza kama biringani.

"Mama, hii bado kali. Ingekuwa imeiva, rangi isingefika huku."

Mama Sabuni akasonya, msonyo mrefu wa mtu aliyeudhiwa na nzi. Tangu binti huyu aolewe, nyumba nzima ilikuwa imeugua ugonjwa wa vikaratasi. Alipima siki, maziwa yaliyolala, hata udongo wa mchicha. Alimpima mumewe mate, na yule zuzu akatoa ulimi kama mbuzi aliyeonyeshwa chumvi.

"Kwenye kipimo, ndimu iko huku chini, kwenye mbili," binti alieleza. "Maji safi yako katikati, kwenye saba. Kostiki, ile dawa kali unayopikia sabuni, iko juu kabisa. Ngozi ya mtu yenyewe ina uchachu kidogo, kama tano hivi. Sabuni ikizidi ukali, inaichubua."

"Ngozi ina uchachu! Kumbe sote maembe mabichi." Alicheka peke yake. "Mimi nilianza kupika sabuni mama yako hajavunja ungo. Ikiwa mbichi, ulimi unashtuka kama umegusa waya wa umeme. Ikiiva, unanyamaza. Wangu umenyamaza. Yai halimfundishi kuku kutaga."

"Sawa, mama. Ila mtoto simwogeshi kwa hiyo."

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Mjukuu wake wa damu aogeshwe kwa sabuni ya dukani, yenye picha ya ua!

Asubuhi iliyofuata, binti alipotoka kwenda sokoni, bibi alijaza beseni maji ya uvuguvugu. "Njoo uoge sabuni ya kwenu," alimwambia mtoto. "Mama yako atajipima mwenyewe."

Mtoto alicheka na povu. Kisha akaacha kucheka. Mgongo ukaingia wekundu, wekundu ukashuka mapajani, na kilio kikatoka bila kituo. Bibi alilimwaga lile povu, akamweka chini ya bomba, akafungua maji mpaka mwisho. Binti aliporudi, aliwakuta wote wawili wamelowa, sakafu imegeuka bwawa.

Hakufoka. Alimpokea mwanawe, akaendelea kumsuuza, kisha akakimbia naye zahanati. Muuguzi alimwambia maji mengi ndiyo yaliyomwokoa mtoto; ngozi ingepona. Binti akarudi nyumbani, akampaka mtoto marhamu.

Mama Sabuni alikuwa ameshanoa matusi yake, ila hakupata wa kumchoma. Alimtazama binti usoni akitafuta dharau. Aliijua vizuri, maana ameigawa bure maisha yake yote. Hakuiona. Aliona uchovu tu.

Akaingia jikoni, akakata ndimu, akaikamua juu ya ulimi. Akangoja. Ukaja ubaridi, basi. Akakamua nusu ya pili. Macho hayakufumba, mashavu hayakukunjamana. Kostiki ilikuwa imemla ulimi kidogo kidogo, mche baada ya mche, naye ukimya ule akauita ushahidi.

"Tangu lini, mama?" Binti alikuwa mlangoni, mtoto begani.

"Tangu lini nini? Usinichungulie kama mwizi." Akatupa maganda. Baadaye, bila kugeuka: "Mchuzi wako. Kila siku namwambia mwanangu, mkeo hajui chumvi."

Binti akafunika mdomo. Haikujulikana kama anacheka au analia.

"Hivyo vijikaratasi vyako," bibi alisema, bado amebetua midomo, "vimebaki?"

"Vimebaki, mama."

Jioni waliikwangua miche yote, wakairudisha chunguni ipikwe upya. Mama Sabuni alilalamika kuwa binti anashika kisu kama anakata kucha, na binti akaitikia "ndiyo, mama" bila kubadilisha mshiko.

Mtoto akaamka, akaanza kunung'unika.

"Mshike, mama. Nikaongeze mafuta chunguni, ukali upungue."

Bibi akaitazama mikono yake. Akaenda bombani, akaisuuza. Akaisuuza tena. Kisha akampokea mjukuu mbali na kifua, viwiko vimekaza, kama mtu aliyebebeshwa beseni lililojaa hadi ukingoni, akasimama hapohapo, asithubutu kupiga hatua.