Mgongo wa Gauni la Mahameli

Huguette, mwanamitindo, alikuwa amechoka hata kabla ya kuvaa. Julai hiyo Paris ilikuwa inatokota, nako studio walikuwa wanalipigia jarida la mitindo picha za magauni ya jioni ya majira ya baridi. Lake lilikuwa la mahameli nyeusi, zito kama godoro lililolowa.

Fundi Léontine alivuta zipu. Ikagoma katikati ya mgongo.

"Umekula nini wewe?"

"Kahawa tu, tangu juzi."

"Basi ni umri, mwanangu. Huo hauna dawa."

Gauni lilikatwa kwa mwili wa Maryvonne, mwanamitindo mwenzake wa miaka kumi na tisa. Huguette alikuwa na thelathini na nne, na kazi ya msimu huo jarida lingempa mmoja wao tu. Léontine akauacha mgongo wazi, akabana kingo kwa utepe na pini. Wala si ajabu. Nusu ya urembo wa majarida yale ilishikiliwa na pini upande ambao kamera haifiki.

"Usigeuke tu," alimnong'oneza.

Huguette akasimama chini ya mataa, kidevu juu, jasho likimtiririka. Ilipofika adhuhuri macho yalikuwa yamemlegea.

"Hapo hapo, usitikisike," alisema Armand, mpiga picha. "Hiyo dharau unaitoa wapi, dada?"

Dharau gani? Ulikuwa usingizi. Lakini Bibi Lemoine, mhariri, alitabasamu, na Huguette akaanza kuamini kwamba kazi ni yake.

"Sasa mgongo," mhariri akasema. "Utamu wa gauni hili uko nyuma."

Léontine akainama kutafuta pini ambayo haikuanguka. Huguette akageuka, angefanyaje?

Bibi Lemoine aliutazama ule mwanya mrefu wa ngozi. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Mwiteni Maryvonne," alisema kwa upole.

Oktoba jarida likatoka. Ukurasa mzima, mwanamke amewapa watu mgongo, mahameli imemkaa barabara, uso hauonekani. Mama Odette, mlinda mlango wa jengo alilopanga Huguette, alimsubiri ngazini na jarida kifuani.

"Nimekutambua mara moja. Mgongo huo ningeujua popote. Hebu nitilie saini, niwaringie majirani."

Huguette alikuwa na ndoo ya makaa mkononi, na kazi hakuwa nayo tangu siku ile. Alitaka kumwambia ukweli, ila kueleza nako kulitaka nguvu. Akatua ndoo, akapokea kalamu, akaandika jina lake juu ya mgongo wa Maryvonne.